Hodi ya Tatu

Simu iliita saa kumi na moja kamili jioni, kama ilivyoita jana na juzi, na Nyamizi, ambaye mikono ilikuwa imemjaa mbawa za senene hadi kwenye viwiko, akajua hana pa kukimbilia.

"Hodi nyumbani," sauti ikasema.

Akajipangusa kwenye khanga na kusogea nyuma ya jiko la mama mkwe wake. "Karibu," akajibu, maana bila neno hilo laini haifunguki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmesoma nini?"

"Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Mama, mbona sauti yako iko mbali?"

"Mtandao huo. Haya, nisomee swali la kwanza."

Sauti ikaanza kusoma. Ilikuwa sauti ya Alinda, binti yake wa miaka kumi na moja, pamoja na ile tabia yake ya kuvuta pumzi kabla ya kutaja namba. Alinda mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka hapo, amechuchumaa mkekani na binamu zake, wananyonyoa senene na kutupiana miguu ya wadudu hao kwenye nywele. Alicheka kwa nguvu. Nyamizi akaziba simu kwa kiganja.

Huyo wa kwenye simu aliitwa kaimu. Jina la kiofisi kabisa, la mtu anayekalia kiti cha mwenzake aliye safarini. Jambo la kutia haya halikosi kutafutiwa jina la kiofisi.

Ilikuwa hivi. Sheria ya mahudhurio ilisema mtoto akikosa zaidi ya siku kumi za masomo anarudia darasa, hata kama alikwenda kumzika babu yake. Na likizo ya Rwechungura, mume wa Nyamizi, dereva wa treni ya umeme, ilitoka kwa zamu. Zamu yake ilikuwa imeangukia Novemba, ya kwanza baada ya miaka sita. Wiki tatu, kutoka Dodoma hadi kwao Kamachumu, na msimu wa senene umepamba moto. Nani angeikataa? Wakampeleka Alinda shuleni asubuhi tatu mfululizo, akavishwa kofia ya nyaya, kofia ikanakili namna yake ya kujifunza: anakwama wapi, anauliza nini, akikosea anakasirika vipi. Vyote hivyo vikatiwa ndani ya kisanduku chenye kamera, kikawekwa juu ya dawati lake darasa la sita, kikawa kinasoma. Safari ikiisha, masomo yangemiminwa kichwani kwa Alinda, naye angefanya mtihani wa kupanda darasa kana kwamba hakuondoka.

Sharti lilikuwa moja, na Mwalimu Ndahani, msimamizi wa ukaimu pale shuleni, alilirudia mara mbili. Kaimu hajui kwamba ni kaimu. Akijua, anaacha kuhangaika na hesabu. Anameza somo kimashine, na somo lililomezwa hivyo halishiki katika kichwa cha mtu. Kwa hiyo kaimu anaaminishwa kuwa yeye ndiye mtoto, kwamba wazazi wamesafiri wakamwacha bweni kwa ajili ya masomo. Kila jioni anapiga simu nyumbani, mzazi anamsahihishia kazi kwa dakika kumi na tano. Akipiga hodi tatu bila kujibiwa, laini inajifunga na siku hiyo inahesabiwa kuwa hakuhudhuria. Baada ya simu wanamzima hadi asubuhi, na yeye anadhani amelala.

"Mama, mtarudi lini?" kaimu akauliza walipomaliza.

"Karibuni. Soma kwa bidii."

"Bibi hajambo? Mwambie aniwekee senene."

Nyamizi akakata simu. Alipogeuka, Bibi Kokwijuka, mama mkwe wake, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na chungu mkononi.

"Huyo anayekuita mama ni nani?"

"Ni vile vitu vya shule, mama. Ni mashine."

"Mashine inataka senene?"

"Inaiga tu, mama."

"Nani anampikia?"

Bahati nzuri Alinda alipita katikati yao mbio, akaupiga mlango wa nyumba kikumbo, akavua kandambili moja huku na nyingine kule, akapotelea ndani kutafuta maji.

"Na huyu naye hana hodi?" Bibi akalalamika. "Anaingia kama upepo!"

"Jamani mama, mtoto apige hodi kwao?"

Bibi Kokwijuka akacheka. Halikuwa kosa kubwa, kusema kweli. Alipenda mlango wake upigwe kikumbo.

*

Kesho yake, Alhamisi, Alinda aling'ang'ania kukaanga mwenyewe. Senene hawahitaji mafuta mengi, wanatoa yao wenyewe, na hayo yao yakichemka hayana huruma. Sufuria iliteleza kwenye jiwe la figa la nyuma na mafuta yakammwagikia mgongo wa mkono wa kushoto.

Nyamizi alimsikia kabla hajamwona. Alimkamata kiunoni, akamburuta hadi kwenye ndoo na kuuzamisha mkono ule ndani ya maji. Mtoto alipiga ukunga wa kupasua masikio. Rwechungura alikuwa ameenda Muleba mjini na kaka yake. Bibi alikimbilia kwa jirani kutafuta pikipiki ya kuwapeleka zahanati.

Simu, iliyofungwa kwenye pindo la khanga, ikaita.

"Hodi nyumbani."

Asingejibu, pasingeharibika kitu. Siku moja tu ingepotea kati ya siku kumi zinazoruhusiwa. Lakini Nyamizi alikuwa mama wa kufuata utaratibu, wa kutunza risiti na kufika kwenye mikutano ya wazazi nusu saa kabla, na uoga wa kukosa mahudhurio ulikuwa umeshamwingia mwilini. "Hodi nyumbani," mara ya pili. Akainamisha kichwa kwenye pindo.

"Karibu."

"Shikamoo mama. Mama, nani huyo analia?"

"Nipigie kesho."

"Kesho haikubali, lazima unisahihishie leo. Nani analia? Mbona analia kama mimi?"

"Tulia, Alinda, usiutoe mkono!" Nyamizi alimwambia mtoto wa kwenye ndoo.

"Nimetulia, mama," akajibu mtoto wa kwenye simu. "Sijatoa mkono. Mama? Nisikilize mimi kwanza. Mama, mbona hunisikilizi? Mama!"

"Niache!" Nyamizi akafoka. "Wewe si mwanangu! Mwanangu ni huyu hapa, ameungua!"

Alinda, na maumivu yake yote, aliinua uso na kumtazama mama yake.

"Sawa," kaimu akasema baadaye. "Swali la kwanza. Robo moja kujumlisha theluthi moja."

Akayasoma maswali yote matano, polepole, akiyajibu, na Nyamizi, huku amemkumbatia mtoto wake, akawa anasema sahihi, sahihi, sahihi. Mawili hayakuwa sahihi.

*

Kidonda kilipona vizuri. Lilibaki baka la rangi ya maziwa ya mgando, na Alinda alilionyesha kwa binamu zake kama nishani.

Nyamizi hakumweleza mtu alichokisema. Ijumaa, ilipofika saa kumi na moja, aliketi chini na simu mkononi. Alitegemea simu isiite. Iliita.

"Hodi nyumbani."

"Karibu."

"Shikamoo mzazi. Naomba kusahihishiwa."

Mzazi ndilo neno lililoandikwa juu ya karatasi ya kazi: sahihi ya mzazi au mlezi. Hakusema mama tena, Ijumaa hiyo wala siku nyingine yoyote. Hakuulizia senene wala siku ya kurudi. Alisoma maswali, akasubiri, akashukuru, akaaga. Nyamizi alijaribu kurekebisha mambo. Alisema mwanangu, alisema kipenzi, alisema siku ile nilichanganyikiwa tu, usiweke moyoni. Kila mara sauti ilijibu, "Hamna shida."

Kuna kitu Nyamizi alikielewa taratibu, akiwa anamenya ndizi na wanawake wenzake wa nyumba ile. Kaimu hakuwa ametambua kwamba ni kisanduku. Mtoto akiambiwa wewe si mwanangu, hawazi kwamba yeye ni chombo. Anawaza amekosa nini.

Maana katika wiki ya pili, wakiwa wamemaliza hesabu za asilimia, aliuliza kwa adabu kubwa: "Samahani mzazi. Nikifaulu, mtanichukua?"

"Tutakuchukua," Nyamizi akasema, na machozi yakamtoka.

"Asante. Basi nitafaulu."

Na kweli alisoma. Mwalimu Ndahani alituma ujumbe kumpongeza mama kwa usimamizi mzuri. Alama zilikuwa zimepanda kutoka sitini na nane hadi tisini na tatu, na hajawahi kuona kaimu mwenye bidii namna ile. Rwechungura aliusoma ujumbe huo kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Watu wakapiga makofi. Nyamizi akainuka akasema anakwenda kuangalia maharage.

Siku ya kuondoka Bibi Kokwijuka alileta vifurushi viwili vya senene, vimefungwa kwenye majani ya mgomba, vimelingana kwa ukubwa.

"Hiki cha Alinda," akasema. "Na hiki cha yule mliyemwacha."

"Mama naye!" Rwechungura akacheka. "Yule ni wa umeme."

"Aliomba, nami nilimsikia kwa masikio yangu. Sitaki lawama."

*

Chumba cha ukaimu kilikuwa na kitanda kimoja, feni, na picha ya watoto wanaocheka. Alinda alilazwa Jumatatu asubuhi, akavishwa kofia ileile, akapewa dawa ya usingizi. Mtihani ulikuwa Jumatano. Kisanduku kilikuwa kimeletwa kutoka darasani na kuwekwa kwenye kiti pembeni ya kitanda, kamera yake imefunikwa kwa kitambaa.

"Somo halichujwi," Mwalimu Ndahani aliwaeleza, kama alivyowaeleza wazazi wote. "Huwezi kuchukua asilimia ukaacha siku ile ulipojifunza asilimia. Ubongo unagandisha vitu pamoja. Jirani aliyekuazima rula, njaa uliyokuwa nayo, wimbo uliosikika dirishani, vyote vinaingia. Ndiyo maana tunauliza swali hili." Akafungua fomu. "Katika siku hizi, kuna jambo lolote nje ya masomo lililompata kaimu, ambalo litamsumbua mtoto akilipokea?"

Rwechungura akatikisa kichwa. "Si ulikuwa unaongea naye wewe, Mama Alinda?"

Nyamizi alikuwa anakitazama kisanduku.

"Na kama lipo?" aliuliza. "Namaanisha, kwa wazazi wengine. Huwa mnafanyaje?"

"Tunakata kuanzia tukio lenyewe. Kila kilichofuata kinatupwa, na siku hizo zinahesabiwa kuwa hakuhudhuria. Hilo haliko mikononi mwangu, mama."

Kutoka Ijumaa ile ya kwanza hadi Ijumaa ya mwisho zilikuwa siku kumi na moja za masomo. Nyamizi alizihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, kisha akazihesabu upya kana kwamba zingepungua. Kumi na moja. Mtoto angerudia darasa la sita, wenzake wote wangemwacha, na ukoo mzima uliopiga makofi ungeuliza kwa nini. Rwechungura angeuliza kwa nini. Ingebidi aseme.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Nyamizi, na sitaficha. Alikuwa na dakika nzima. Mwalimu alimsubiri, mume alimsubiri, feni ilizunguka. Angeweza kusema, nilimtamkia neno baya, mwacheni mwanangu arudie darasa. Mwaka mmoja tu. Lakini alijiambia kwamba watoto husahau. Alijiambia kwamba kaimu ameshaambiwa tutakuchukua, na kumtupa sasa kungekuwa kumdanganya mara ya pili. Maneno mazuri hayo, na kama ndiyo yaliyomsukuma yeye peke yake anajua. Mimi naona aliona haya.

"Hakuna," akasema, na kuweka dole gumba.

Mwalimu Ndahani akashusha swichi. Taa ya kisanduku ikafifia muda wa saa mbili, ikazimika.

Alinda alipoamka aliutazama mkono wake wa kushoto. Aligusa baka kwa kidole, akaligeuza geuza kwenye mwanga kama kitu cha mtu mwingine.

"Unajisikiaje, mwanangu?" baba yake akauliza.

"Sijambo." Akafikiri. "Siku ile nilikuwa kwenye ndoo nalia. Na nilikuwa huku, najisikia ninavyolia."

"Siku gani?" Rwechungura akauliza.

Alinda akamtazama mama yake. Alimtazama kwa muda, bila chuki yoyote, jinsi mgeni anavyomtazama mwenye nyumba ili ajue kama swali hilo linaruhusiwa kujibiwa.

"Nimesahau," akasema.

Jioni, nyumbani, Nyamizi aliweka vifurushi viwili vya senene mezani. Kwa siku zote alizomjua, mtoto huyu angevirarua vyote kabla hajaambiwa. Alinda alisimama mikono nyuma.

"Cha yule mliyemwacha ni kipi?"

"Vyote vyako, mama. Kula."

"Naomba hicho tu."

Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kula nje kwenye ngazi.

*

Alipata arobaini na nane kati ya hamsini, wa pili darasani. Rwechungura alilinakili jedwali la matokeo na kulituma Kamachumu, Muleba, Mwanza na kila alikokuwa na ndugu. Shule ilifungua muhula mpya, Alinda akaingia la saba, na walimu walisema mtoto amekua, amepata adabu.

Adabu, kweli, alikuwa nayo. Aliomba maji. Aliomba ruhusa ya kuwasha taa chumbani mwake. Usiku alikunja shuka lake na kulala pembeni yake, asilichafue. Alimwita baba, baba, lakini mama yake hakumwita kwa jina lolote; alisubiri hadi Nyamizi ageuke, ndipo aseme alichotaka kusema. Nyamizi aliomba radhi mara nyingi, wakiwa wawili tu, akipiga magoti kabisa mbele ya mtoto. Alinda alimwinua.

"Hamna shida," alisema. "Ulikuwa na mwanao ameungua."

"Mwanangu ni wewe! Aliyeungua ni wewe!"

"Ndiyo," Alinda akakubali. "Na mimi pia."

Ilikuwa Jumanne moja ya Januari. Nyamizi alikuwa jikoni, amewahi kutoka kazini, anakuna nazi. Akasikia geti, akasikia nyayo uani, zikaja hadi mlangoni zikasimama. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Kuusukuma kwa kidole kungetosha.

"Hodi nyumbani."

Alikuwa akipiga hodi hivyo kila siku tangu siku ile ya kumiminiwa masomo, na kila siku Nyamizi alijibu karibu, na kila alipojibu alijihisi anamkaribisha mgeni. Siku hiyo alichoka. Akainuka kwenye mbuzi ya nazi, akaamua kwamba hatajibu. Huyu ni mtoto wa humu. Asipojibiwa atachoka kusimama juani, ataupiga mlango kikumbo, atatupa kiatu kimoja huku na kingine kule, na yeye atamkemea kwa furaha kubwa. Akabana pumzi na kuusubiri mlango.

"Hodi nyumbani."

Ingia, Nyamizi akawaza. Ingia mwanangu, kwenu hapa. Kupitia upenyo aliona kipande cha sketi ya buluu na mkono wa kushoto wenye baka, umeshika kamba ya begi. Mkono haukusogea. Alijibana kwenye kabati asionekane. Kidogo tu, akajiambia, kidogo tu ataingia.

"Hodi nyumbani."

Ukimya ulipita wa urefu uleule wa kwenye simu. Halafu nyayo zikageuka, zikavuka ua bila haraka, na geti likafungwa taratibu kwa adabu.

Nyamizi alitoka mbio na miguu mitupu, machicha ya nazi mikononi. "Alinda! Karibu! Karibu mwanangu, karibu!" Majirani walichungulia. Alimkuta ameshafika kwenye kona, anarudi upande wa shule, begi mgongoni, anatembea kama mtu anayejua anakokwenda.

Mtoto alisimama, akageuka, akamwona mama yake anavyohema.

"Samahani," akasema. "Nilipiga zote tatu."